Mjukuu wa Aliyechoka Njiani

Pumwani, Nairobi
4 Februari 2024

Kwako mbeba pembe, binti wa wabeba pembe,

Mtu hamsalimii mtani wake, humwuliza tu kama bado hajafa. Basi nakuuliza. Natumaini mabega bado yanauma kwa pembe za ndovu walizobeba babu zako, maana Wanyamwezi mkikosa cha kubeba mnaugua.

Mimi bado nipo katika chumba kile kile nyuma ya msikiti. Macho yangu yanaona kosa la herufi kwenye bango la ng'ambo ya barabara, ingawa basi linalokuja silioni. Ndiyo malipo ya kusahihisha vitabu vya watu maisha yote.

Sasa sikiliza habari. Nimekuwa mwenye nyumba. Usicheke. Au cheka, ndiyo kazi yako.

Kuna kampuni inaitwa Kigae. Inakusanya watu wadogo kama mimi, ambao hakuna hata mmoja anayeweza kununua mlango peke yake, na inawauzia nyumba kwa vipande. Kila kipande wanakiita kigae. Ukiwa na shilingi elfu thelathini za Tanzania unapata kigae kimoja. Nyumba ikiisha kujengwa na kupangishwa, kodi inagawanywa kwa wote, kila mtu kwa vigae vyake. Zamani maskini alikuwa na njia moja ya kupata nyumba, nayo ni kuirithi. Mimi hata hiyo ilinipita, unajua. Baba alipofariki nyumba yetu iliuzwa nikiwa huku nahangaika na kitabu cha kusoma cha darasa la tatu.

Na nyumba hii inajengwa wapi? Isevya, Katarina! Hatua chache kutoka pale baba alipokuwa anafua bati. Nilipoliona jina hilo kwenye simu niliweka simu chini nikanywa maji.

Kuna jambo jingine, nawe utanitukana kwa hilo mpaka kaburini. Kijitabu chao cha kuwaeleza wanunuzi kilikuwa kimeandikwa vibaya, Kiswahili cha kuokoteza. Sikuvumilia. Nilikisahihisha chote, nikakiandika upya palipohitaji, nikawapelekea bure. Wakafurahi, wakakichapa upya, na ukurasa wa mwisho wameweka: "Lugha imesahihishwa na Mzee Majidi Idrisa, mzaliwa wa Isevya, Tabora." Nimesahihisha vitabu vingi mno, na hiki ndicho cha kwanza kuandikwa jina langu.

Nakuomba uende ukaitazame hiyo nyumba, uwe macho yangu. Wanasema ina vyumba kumi na viwili na paa la bluu. Ikiisha nataka nipange chumba kimoja, nimalizie hapo. Nimechoka kuwa mgeni.

Usinipigie simu. Tulikubaliana simu ni ya misiba.

Mimi, bwana nyumba wako,
Majidi


Chemchem, Tabora
27 Februari 2024

Wewe mjukuu wa aliyechoka njiani,

Babu yako alitoka Uzaramo na msafara, akafika Unyanyembe, akakaa chini apumzike kidogo, na ukoo mzima umekaa mpaka leo. Wewe peke yako ndiye uliyeinuka, nawe ukashika njia isiyo yenyewe. Sijafa. Nilipostaafu unesi walinipa saa ya ukutani, na hiyo ndiyo iliyokufa.

Nimekwenda Isevya. Nilivaa viatu vya kanisani kwa heshima ya nyumba yako.

Nyumba ni nzuri sana. Ina hewa. Madirisha ni makubwa mno, yanaanzia chini kabisa mpaka mawinguni. Fundi alipomaliza kuyaweka akaona hakuna pa kuweka kuta. Paa ni la bluu asubuhi, na jioni linageuka jekundu; sijaona bati la namna hiyo. Msingi ni imara, haujasogea tangu kabla ya Krismasi. Wapangaji wamekwisha kuingia. Chumba cha tatu yupo mbuzi wa Mama Kabula, mpangaji mtulivu, amefungwa kwenye nondo. Upande wa choo maji hayakatiki, na vyura wanaimba kuliko kwaya yetu. Nilimwuliza mbuzi kodi anampa nani, akaniangalia kwa dharau kama mtu wa kwenu.

Mama Kabula mwenyewe anauza mkaa ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza mafundi wako wapi. "Wamekwenda kunywa chai." Lini? "Walikwenda huyu bado ananyonya," akanionyesha mtoto wake. Mtoto alikuwa anamkimbiza kuku.

Ukipata pesa nyingine usiwape hao. Nipe mimi ninunue kitenge. Angalau kitenge utakiona kikipita.

Gaudensia alikuja juzi kutoka Usinge kuniletea asali. Unamkumbuka mdogo wangu, yule uliyekuwa ukimwita Kijiti. Anasema wakala wenu amefika mpaka kule na vile vitabu. Ameliona jina lako nyuma. "Dada, si ndiye Majidi wa fundi bati?" Nikamwambia ndiye, na kwamba watu wa Isevya huandika majina yao hata kwenye kuta za choo. Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Mimi mbeba pembe wako,
Katarina


Pumwani, Nairobi
20 Machi 2024

Kwako mbeba pembe,

Mungu akupe umri mrefu uendelee kunitesa. Barua yako ilifika Ramadhani ikiwa imeanza. Tulipomaliza kufuturu, pale tunapokutana watu wa asili ya Unyanyembe, niliisoma kwa sauti. Nilipofika kwa mbuzi aliyefungwa kwenye nondo, Mzee Shomari alimwaga uji. Najiat, yule mjane anayeuza mandazi, aliniomba nirudie habari za madirisha, nikarudia, akacheka mpaka akafuta macho kwa ukaya.

Halafu Shomari, ambaye ametengeneza saa za watu miaka mingi na hasemi jambo bila kulipima, akasema: "Mtani hahangaiki kutukana kitu ambacho hakipo. Huyu mama ametukana nyumba chumba kwa chumba. Basi nyumba ipo." Wote wakaona ni kweli. Mimi pia niliona ni kweli, na nilijivuna kwamba nina mtani wa kunitukania mali.

Shomari amenunua vigae. Najiat amenunua. Wengine watatu wamenunua. Umewauzia nyumba bila kujua, na kampuni haikulipi hata senti! Mimi nimeongeza vyangu. Nimeuza kabati langu la vitabu pamoja na vitabu vyake. Usinihurumie, nilikwisha kuvisoma, na nikirudi Tabora nani atanibebea? Ninyi mmeacha kazi ya kubeba.

Kampuni imeniomba nikisahihishe kijitabu cha pili.

Kijiti amekuwa mtu mzima wa kununua nyumba? Mpe salamu zangu, mwambie nimefurahi jina langu limefika Usinge kabla yangu.

Mimi, bwana nyumba wako,
Majidi


Chemchem, Tabora
16 Aprili 2024

Wewe mjukuu wa aliyechoka njiani,

Naona si miguu peke yake iliyochoka. Na masikio je?

Tumemzika Mzee Erasmus, yule aliyekuwa seremala karibu na kanisa. Nikusimulie mazishi yake, maana huko kwenu nadhani watu wanazikwa kimya kimya kama paka.

Wakati watu wamekaa, akaingia mtani wake mmoja, mzee wa Kizaramo kama wewe, amevaa koti la marehemu alilolichukua ndani bila ruhusa. Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Akaanza kukohoa, kikohozi kile kile cha Erasmus, akasema: "Mwaka mzima nakohoa damu, nawaambia watoto wangu ni vumbi la mbao. Nina watoto wajinga mno, wanaamini vumbi lina rangi nyekundu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watoto wa Erasmus nao wakacheka. Halafu yule mkubwa akaacha kucheka. Akainama. Hakuna mtu mwingine pale ambaye angeweza kumwambia jambo lile. Padri asingeweza. Mimi nesi nisingeweza. Mtani akalisema, na hakuna wa kumkasirikia.

Unakumbuka kwamba ndivyo ilivyo? Au huko mlibakiza kicheko tu?

Basi nikupe habari za nyumba yako. Mbuzi wa Mama Kabula amezaa, chumba cha tatu sasa ni familia. Maji ya choo yamejaa mpaka chumba cha tano. Paa limekamilika: Gaudensia ameliezeka. Alikuwa amenunua mabati, kidogo kidogo, kwa asali ya misimu yote ile, ili aondoe nyasi juu ya nyumba yake. Ameyachukua yote ameyaweka kwenye nyumba yako. Ya kwake inatazama mbingu, na mbingu inaitazama. Anasema halali vizuri kwa furaha ya kuwa mwenye nyumba mjini.

Mvua zinaisha sasa. Zitarudi Novemba, kama kawaida yake.

Sikiliza, we Mzaramo.

Katarina


Pumwani, Nairobi
10 Mei 2024

Kwako mbeba pembe,

Kwa Erasmus nimesikitika, Mungu amrehemu. Kwa mtani wake nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tabora haijabadilika! Hayo ndiyo ninayoyakosa huku. Watu wa hapa ukiwatania wanakwenda polisi.

Na Gaudensia ameezeka nyumba yangu! Mwambie amefanya vyema, mtoto wa fundi bati hawezi kulala chini ya paa bovu, na namkatia chumba kimoja alale bure kila akija mjini, mradi asilete nyuki.

Kampuni inaandika kwamba mradi unaendelea kulingana na hali. Ni sentensi yangu hiyo, kwa hiyo ninaijua vizuri. Ninakuletea kijitabu cha pili. Tazama ukurasa wa mwisho, safari hii jina wameliandika kwa wino mzito.

Mimi, bwana nyumba wako,
Majidi


Chemchem, Tabora
2 Juni 2024

Kwa Mheshimiwa Mzee Majidi Idrisa,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi huku hatujambo.

Nimepokea barua yako na kijitabu. Nakushukuru. Napenda kukueleza mambo yafuatayo ili uyajue.

Pale Isevya hakuna nyumba. Kuna kiwanja, msingi uliochimbwa, na nondo chache zilizosimama. Kazi ilisimama kabla ya Krismasi na haijaendelea. Msingi umejaa maji. Mbuzi wa jirani hufungwa pale. Haya yote nilikueleza Februari na tena Aprili.

Mdogo wangu Gaudensia alikuwa na mabati ya kuezekea nyumba yake. Aliyauza mwezi Februari, akanunua vigae kwa wakala. Aliponitumia mtu kuniuliza habari za kampuni hiyo, kabla hajauza, nilikuwa bado sijakwenda Isevya, nami nilimjibu kwa mzaha. Alipokuja na asali alikuwa amekwisha kuyauza. Anaishi chini ya nyasi zilizooza. Alinunua kwa sababu ya jina lako. Ameniambia: "Mtu wa Isevya hawezi kuandika jina lake kwenye uongo."

Amejaribu kuuza vigae vyake. Ameambiwa vinauzwa akipatikana wa kuvinunua.

Nilifikiri kukupigia simu, lakini tulisema simu ni ya misiba. Sasa naona ningepiga.

Sikukutania hata mara moja, Mzee wangu.

Nakutakia kila la heri.

Wako,
Bi. Katarina Hilari


Pumwani, Nairobi
25 Juni 2024

Katarina,

Sijui nianzeje. Nimeandika "mbeba pembe" nikafuta. Sina haki nayo tena.

Nilipoiona shikamoo nilijua. Sisi tumezaliwa mwaka mmoja, na tangu tunajua kusema hujawahi kunipa shikamoo. Nilisimama mlangoni na barua mkononi, nikasoma adabu yako yote, kila mstari ulionyooka, na nikatamani ungenitukana baba na mama.

Niliwasomea wenzangu. Niliona kwamba kama ya kwanza niliisoma kwa sauti, na hii lazima niisome kwa sauti. Pale pale, kwenye mkeka ule ule. Najiat akauliza, taratibu tu, "Babu, kwa hiyo siku ile tulikuwa tunacheka nini?" Shomari alisimama, akavaa viatu, akaondoka. Tangu siku ile akinikuta njiani ananiamkia vizuri sana.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, na ambalo ningeweza kukuficha.

Nimeiandikia kampuni. Wamenijibu bila kuzunguka: fedha zilizokusanywa hazikufika pa kujengea kuta, na walikuwa wanangoja wanunuzi zaidi. Nilitaka wawe wezi. Ningelala vizuri zaidi. Lakini nilitoa kijitabu chao cha zamani, kile kibovu, kilichojaa kalamu yangu nyekundu, na nikakisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kununua. Ukurasa wa nne walikuwa wameandika:

"Fedha zako zaweza potea zote kama ujenzi umekwama ama wapangaji hapana."

Kiswahili kibaya, sivyo? Mimi niliona aibu kwa niaba yao. Nikaikata, nikaandika badala yake:

"Kama ilivyo katika uwekezaji wowote, matokeo ya mradi yanaweza kutofautiana kidogo na matarajio, kwa kutegemea hali."

Lile neno "kidogo" ni langu. Hakuna aliyelisema. Niliona sentensi inapungukiwa na pumzi pale, nikaitia neno. Nakumbuka niliisoma kwa sauti peke yangu chumbani, nikafurahi.

Wao walisema kweli, Katarina. Waliisema kwa kujikwaa, na kila msomaji angejikwaa pale pale, angesimama, angejiuliza. Mimi nikapalainisha ili mtu apite bila kusimama. Gaudensia alipita. Najiat alipita. Mimi mwenyewe nilipita, juu ya sentensi niliyoitengeneza kwa mkono wangu.

Na wewe uliniambia mara mbili. Nilikuwa nikiwasimulia watu wa hapa kwamba mimi ni mtu wa Tabora, kwamba najua utani. Kumbe nilichochukua nilipoondoka ni kelele zake tu. Mtoto wa Erasmus aliacha kucheka akainama. Mimi nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nataka kuja. Sijui nije kufanya nini.

Majidi


Chemchem, Tabora
19 Julai 2024

Mzee Majidi,

Shikamoo. Nimeipokea barua.

Mimi nami nina aibu yangu. Nilimwona mdogo wangu hacheki, nikaendelea kucheka. Hiyo si juu yako.

Usije kwa ajili yangu. Ukija, nenda Usinge.

Bi. Katarina Hilari


Usinge
13 Oktoba 2024

Katarina,

Nipo kwa Gaudensia. Barua hii nampa mama anayekwenda Tabora kuuza uyoga mkavu, ataifikisha kwako.

Lazima nikwambie kwanza kwamba nilipita Tabora. Nilikuja kwa basi mpaka Dodoma, kisha treni. Tulifika Tabora mchana, na treni ikasimama muda mrefu. Nilikuwa dirishani. Niliona watu wanashuka na magunia, niliona mama anauza mihogo ya kuchemsha, nikasikia mtu anamwita mwenzake kwa sauti ile ya kwetu, ya kuvuta mwisho. Miaka yote nimeingoja siku hiyo. Abiria mwenzangu akaniuliza, "Mzee, hushuki kunyoosha miguu?" Nikamwambia miguu haijambo. Nilirudi nyuma kidogo kwenye kiti ili nisionekane, kana kwamba kuna mtu pale angenitambua. Treni ilipoondoka niliona kama naondoka mara ya pili, na hii ya pili hakuna aliyenifukuza wala kazi iliyoniita.

Gaudensia alinipokea kituoni. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, kaka Majidi." Sikuitika marahaba. Nilisimama pale mbele ya watu kama mtoto asiyefundishwa adabu, mpaka akanichukua begi.

Hajaniuliza kitu. Alinipikia ugali na kisamvu, akanipa chumba ambacho nyasi zake bado ni nzima kidogo, yeye analala upande unaovuja vumbi na majani. Siku ya pili nilimwambia yote, pamoja na sentensi mbili, ile yao na yangu. Nilizisoma zote. Akaniambia nirudie ile ya kwanza. Nikarudia.

"Hii ningeielewa," akasema.

Kisha: "Kitabu chako kilikuwa kizuri, kaka. Nilikuwa nakisoma jioni baada ya sala. Sikuelewa yote, lakini nilijua aliyeandika ni mtu anayejua."

Fedha ya mabati sina. Nilichouza nimekwisha kukitia kule kule alikotia yeye. Najiat bado anauza mandazi na ananipa yaliyobaki, na hilo ni gumu kuliko salamu za adabu za Shomari. Kwa hiyo nilichukua mundu. Nimekwenda porini na wanawake wa hapa kukata nyasi za kuezekea. Nyasi nzuri zilikwisha kukatwa mapema, tunakwenda mbali, karibu na mpaka wa hifadhi, tunatafuta zilizobaki. Viganja vyangu havijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Siku ya kwanza mganda wangu ulifunguka njiani, ukamwagika wote, na nyuma yangu nilisikia wanacheka. Mmoja wao, Josepha, akasema, "Huyu ndiye aliyesahihisha? Basi asahihishe na mganda!" Nikasikia, Katarina. Safari hii nilisikia. Niliuweka chini, nikaufungua wote, akanifundisha kufunga.

Nilibeba kichwani. Mzaramo amebeba mzigo Unyamwezini, na hapakuwa na Mnyamwezi wa kuliona hilo ila hao wanawake.

Upande mmoja umekwisha. Upande wa jikoni bado. Mtoto wa fundi bati anaezeka kwa nyasi, na baba kama ananiona, ananiona. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Malagarasi. Nitamaliza kwanza, kisha sijui.

Sikuombi unijibu. Nilitaka tu ujue kwamba nilipita nikaogopa kushuka.

Majidi


Chemchem, Tabora
9 Novemba 2024

Wewe mjukuu wa aliyechoka njiani,

Nasikia umebeba. Josepha amekuja mjini, amenisimulia mbele ya watu sokoni jinsi mganda ulivyokushinda, amekuigiza unavyotembea, shingo mbele kama kobe anayetafuta miwani. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu nikainama, ukitaka kujua.

Mvua ya kwanza imenyesha hapa jana. Gaudensia amenipigia simu. Nilipoona jina lake nikashika ukuta, nikajua kuna msiba. Kumbe alitaka kuniambia jikoni hapakuvuja. Pembeni tu, mahali pamoja, kwa sababu aliyefunga pale alikuwa anafikiria mahali pa kuweka koma. Mabati yake hayajarudi, na mimi sijasahau. Usidhani nyasi ni mabati.

Una faini. Mtani akikosa analipa, hata kama amezeeka Nairobi.

Hapa Chemchem na Isevya wapo wengine walionunua kwa kile kitabu. Nimewahesabu, sikwambii wangapi, utawaona. Kuna wanawake wa Jumuiya ya kanisani kwetu, kuna mzee wa msikiti wenu, kuna Mama Kabula mwenyewe, mjinga yule, alinunua kigae cha kiwanja anachofungia mbuzi! Nitawakusanya Isevya, pale kwenye msingi. Wewe utasimama chumba cha tatu. Utasoma kwa sauti ile sentensi yao, ile mbovu, kama walivyoiandika. Kisha utasoma ya kwako. Kisha utakaa kimya uwasikilize, na watakachokuambia hutakisahihisha.

Ukigusa hata neno moja la ile ya kwanza, nitajua.

Njoo kabla msingi haujajaa maji tena. Mbuzi nimemwomba akupishe, amesema atafikiria.

Treni ikisimama Tabora safari hii, shuka.

Mimi mbeba pembe wako,
Katarina